Umeme Uliofichua Siri ya Selimundu

Na Mwandishi Wetu

MTOTO huzaliwa akiwa mzima, hunyonya vizuri, huongezeka uzito, na wazazi wake hufurahi. Anapofikia umri wa miezi sita hivi, viganja na nyayo zake huvimba, hulia usiku kucha, macho yake huwa ya manjano na damu humpungua. Hupelekwa hospitali akapata nafuu, kisha maumivu hurudi. Hapo ndipo maneno huanza. Wapo wasemao kwamba mtoto amerogwa. Wapo wasemao kwamba mkosi umetoka katika ukoo wa mama. Baba hunyamaza, mama hulia, na nyumba iliyokuwa na amani huanza kuyumba.

Ugonjwa huo ni selimundu. Umeitwa hivyo kwa kuwa chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo, hujipinda zikafanana na mundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Inakadiriwa kwamba huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Kwa hiyo hili si jambo la nyumba mbili tatu. Ni jambo la mtaa mzima.

Swali la chanzo cha ugonjwa huu lilipata jibu mwaka 1949, na shahidi aliyetoa jibu hilo hakuwa mganga wala mpiga ramli. Alikuwa umeme. Ili tuelewe ushahidi wake, yatupasa kwanza kujua jinsi nguvu ya umeme inavyoshika, inavyovuta na kunyoosha vitu vidogo kabisa vilivyoujenga mwili wetu, yaani DNA na protini.

CHANUO NA VIPANDE VYA KARATASI

Ndugu msomaji, chukua chanuo la plastiki, lipitishe mara kadhaa katika nywele kavu, kisha lisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vipande vitaruka na kulishika chanuo kabla hujavigusa. Chanuo limepata chaji ya umeme, na mahali pote palipolizunguka pameenea nguvu isiyoonekana kwa macho. Eneo lenye nguvu hiyo ndilo ambalo wataalamu wa fizikia huliita uga wa umeme.

Chaji ni za namna mbili, chanya na hasi. Zilizo za namna moja husukumana, na zilizo tofauti huvutana. Kwa hiyo kitu chenye chaji hasi kikiwekwa katika uga wa umeme kitaelekea upande ulio chanya, na chenye chaji chanya kitashika njia ya pili. Kanuni ni nyepesi, nayo hutumika katika chanuo kama inavyotumika katika tone la damu, kwa sababu mwili wa binadamu umejaa vitu vyenye chaji.

DNA, NYOKA KATIKA MAJANI

DNA ni uzi maradufu uliosokotwa kama kamba, unaobeba maagizo ya urithi kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, zinazorudiwa kwa mpangilio mbalimbali. DNA yote iliyomo katika seli moja ya binadamu, ikiungwa na kunyooshwa, yaweza kufikia urefu wa mita 2 hivi.

Kingo za kamba hiyo zimejengwa kwa sukari na fosfeti, na kila fosfeti hubeba chaji moja hasi. Basi DNA ni uzi wenye chaji hasi toka mwanzo hadi mwisho, na chaji hizo husukumana. Uzi wa namna hiyo utawezaje kuenea ndani ya kiini cha seli, kilicho kidogo kuliko punje ya vumbi? Seli huuzungusha kwenye protini ziitwazo histoni, mfano wa uzi unavyozungushwa kwenye kibiringo cha cherehani. Histoni zina chaji chanya nyingi, na ndiyo sababu uzi hushikamana nazo. Kwa hiyo umbo la DNA ndani ya miili yetu limeshikiliwa, kwa sehemu kubwa, na mvutano wa umeme.

Umeme wa nje nao waweza kuugeuza umbo uzi huo. Katika maabara, DNA hutiwa ndani ya jeli iliyotengenezwa kutokana na mwani mwekundu wa baharini, jamii moja na mwani unaolimwa Zanzibar ingawa si wa aina ileile. Umeme wa volti 100 hivi ukipitishwa, DNA huanza safari kuelekea ncha chanya. Katika maji matupu ilikuwa imejikunja kama fundo la uzi. Sasa, ikivutwa ndani ya jeli, hunyooka na kupenya katika matundu madogo kama nyoka apitaye majanini. Vipande vifupi hutangulia na virefu huchelewa, na kwa njia hiyo hutenganishwa.

Ilionekana, hata hivyo, kwamba nyuzi ndefu sana zikishanyooka zote huenda mwendo mmoja, wala haziwezi kutenganishwa. Mwaka 1984 David Schwartz na Charles Cantor wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walionyesha dawa ya tatizo hilo. Waliubadilisha mwelekeo wa umeme mara kwa mara. Kila mwelekeo unapobadilika, uzi hulazimika kujipinda na kujinyoosha upya, kama basi refu linalogeuza katika uchochoro mwembamba. Na kadiri uzi ulivyo mrefu ndivyo unavyochelewa kugeuka.

Jambo la kukumbuka ni hili: katika safari hiyo yote umbo la uzi hubadilika, lakini herufi zilizoandikwa juu yake hazibadiliki. Umeme ukizimwa, DNA hurudi kujikunja kama zamani, na maagizo yake ni yaleyale.

Wako wazazi wanaohofu kwamba nyaya za umeme zipitazo juu ya nyumba zao huharibu damu ya watoto. Uga wa umeme wa nyaya hizo, ukifika mwilini, hudhoofika mno kwa sababu mwili wenyewe hupitisha umeme; ule unaobaki ndani hauna nguvu ya kukata uzi wa DNA. Kuhusu uga wa sumaku unaotoka katika nyaya hizo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka mwaka 2002 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikahusiana na saratani, kwa ajili ya takwimu za lukemia ya watoto, bila kusema kwamba jambo hilo limethibitika. Selimundu haihusiki hata kidogo. Selimundu hurithiwa.

PROTINI, UZI ULIOKUNJWA

Protini ndizo zinazofanya kazi nyingi za mwili. Nazo ni nyuzi, zilizotungwa kwa asidi amino za aina 20 kama shanga katika mkufu. Baadhi ya shanga hizo zina chaji chanya, baadhi zina chaji hasi, na nyingine hukimbia maji kama mafuta. Kwa mvutano wa hizo na msukumano wa hizi, uzi hujikunja ukapata umbo lake maalumu, na kazi ya protini hutegemea umbo hilo.

Mama wa nyumbani huliona jambo hili jikoni. Maziwa yakikamuliwa ndimu hukatika. Sababu yake ni kwamba protini za maziwa zina chaji hasi, nazo husukumana na kuelea mbalimbali. Ukali wa ndimu huziondolea chaji hiyo. Msukumano ukiisha, protini hushikana zikafanya mabonge. Hakuna kilichotiwa wala kuondolewa zaidi ya chaji kidogo, lakini maziwa si maziwa tena. Tuukumbuke mfano huu, maana tutaurudia katika damu.

Zipo hata protini ambazo kazi yake ni kuufuata uga wa umeme. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Cambridge, Uingereza, walieleza jinsi ujumbe unavyopita katika neva nene ya ngisi. Katika utando wa neva kuna tofauti ya umeme ya volti 0.07 hivi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na volti 1.5 za betri ya redio. Lakini utando wenyewe ni mwembamba mno, hata uga wa umeme ndani yake hupita volti milioni 10 kwa kila mita. Cheche huruka hewani kwa uga wa volti milioni 3 hivi tu kwa mita! Ndani ya utando huo mna milango ya protini yenye chaji. Uga ukibadilika, sehemu zenye chaji husogea na mlango hufunguka au kufungwa. Hivyo ndivyo moyo unavyopiga na mkono unavyoinuka. Ndiyo sababu pia umeme wa nyumbani ukimpiga mtu waweza kumuua: huvuruga utaratibu wa milango ya moyo, tena joto lake huziunguza protini kama ute wa yai katika kikaango.

JARIBIO LA MWAKA 1949

Mtu aliyefungua mlango wa kupima protini kwa umeme alikuwa Arne Tiselius wa Uppsala, Sweden. Mwaka 1937 alieleza chombo kilichozitenganisha protini za damu kwa kuzivuta kwa umeme ndani ya maji, akapewa Nishani ya Nobel mwaka 1948.

Huko Marekani, mwaka 1945, mkemia Linus Pauling alimsikia daktari William Castle akizungumzia selimundu. Castle alieleza kwamba chembe za damu hujipinda zikiwa zimepungukiwa na oksijeni, na zikipata oksijeni hurudia umbo lake. Pauling aliwaza mara moja kwamba kasoro haimo katika chembe nzima, bali katika himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni.

Kazi ya kulithibitisha wazo hilo alimpa kijana daktari, Harvey Itano, mzaliwa wa California mwenye asili ya Kijapani. Mwaka 1942 Itano alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote katika chuo kikuu cha Berkeley, lakini siku ya kutunukiwa medali yake hakuwapo. Wakati huo wa vita, serikali ya Marekani ilikuwa imewaweka kambini raia wake wenye asili ya Kijapani, naye alikuwa mmoja wao. Huyo ndiye aliyekuja kukaa maabara pamoja na S. J. Singer na Ibert Wells, akitafuta tofauti kati ya himoglobini ya mtu mzima na ya mgonjwa.

Walipozitia himoglobini mbili hizo katika chombo cha umeme, tofauti ilijitokeza. Katika maji yasiyokuwa na ukali mwingi wala alkali nyingi, himoglobini ya kawaida ilikwenda upande wa chanya, na ile ya mgonjwa ikaenda upande wa hasi. Kisha walichukua damu ya watu wasiougua lakini wenye dalili ya kurithi. Damu hiyo iligawanyika sehemu mbili: nusu ya safari ilikwenda huku na nusu kule. Watu hao walikuwa na himoglobini za namna zote mbili ndani ya damu yao, ingawa wenyewe walikuwa na afya njema. Mwezi Novemba 1949 walichapisha matokeo yao, wakiuita ugonjwa huo ugonjwa wa molekuli. Mwaka huohuo James Neel alionyesha kwa kuchunguza familia kwamba mgonjwa hurithi kutoka kwa wazazi wote wawili.

Naam, kutoka kwa wote wawili. Umeme ulikuwa umekwisha kutoa ushahidi, na mama hakubaki peke yake kizimbani.

HERUFI MOJA KATIKA BILIONI TATU

Ilibaki kujua ni shanga ipi iliyokosewa. Kazi hiyo aliifanya Vernon Ingram, huko Cambridge, kati ya mwaka 1956 na 1957. Aliikatakata himoglobini vipande vipande, akavitandaza vipande hivyo katika karatasi yenye unyevu, akavivuta kwa umeme upande mmoja na kwa kimiminika upande wa pili. Madoa yote yalilingana ila moja. Katika doa hilo alikuta kwamba mahali penye asidi ya glutamiki pamekaa asidi amino nyingine, valini.

Himoglobini ina asidi amino 574 katika nyuzi nne. Kosa liko katika nafasi ya 6 ya nyuzi mbili kati ya hizo. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi. Valini haina chaji yoyote. Kwa hiyo molekuli nzima hupoteza chaji hasi mbili tu, na hiyo ndiyo tofauti ambayo umeme uliiona. Chanzo chake ni herufi moja ya DNA, ambapo T imekaa mahali pa A, katika maandishi yenye herufi zipatazo bilioni 3.

Hapa ndipo mfano wa maziwa unaporudi. Valini hukimbia maji kama mafuta. Himoglobini ikishatoa oksijeni, valini ya molekuli moja hujichomeka katika nafasi iliyo wazi ya molekuli jirani, hiyo nayo katika nyingine, mpaka zikafanya kamba ngumu ndani ya chembe ya damu. Chembe hujipinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyojipinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu damu humpungua mgonjwa.

Kwa nini kosa hilo limeenea kwetu? Jibu lilitoka Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba wenye kurithi upande mmoja ni wengi katika pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba urithi wa upande mmoja humkinga mtoto na malaria kali. Kwa hiyo urithi huo si laana. Ni silaha ambayo mababu zetu waliipata katika vita na malaria, lakini silaha hiyo humkata mtoto anayeipokea kwa mikono miwili.

KIPIMO KINASEMA NINI

Kipimo cha hospitali hufuata kanuni ileile ya mwaka 1949. Chembe nyekundu za damu hupasuliwa, himoglobini ikatiwa katika ukanda mwembamba uliolowana na maji ya alkali, kisha umeme hupitishwa. Katika alkali himoglobini zote mbili huwa na chaji hasi, nazo huelekea upande mmoja, lakini ile ya kawaida ina chaji zaidi na hutangulia. Mwenye AA huonyesha mstari mkuu wa mbele. Mwenye SS, yaani mgonjwa, huonyesha ule wa nyuma. Mwenye AS, yaani aliyerithi upande mmoja, huonyesha mistari yote miwili.

Kipo pia kipimo chepesi cha kuangalia kama damu hujipinda. Hicho huonyesha kwamba himoglobini ya selimundu imo, lakini hakitofautishi AS na SS. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa tu kwamba "anayo" aulize zaidi.

UMEME UNAOFUNGUA MLANGO

Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenzake, katika Ujerumani, walionyesha kwamba mpigo mkali wa umeme, wa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, hutoboa vijitundu katika utando wa seli. DNA hupenya humo, kisha vijitundu hujiziba. Miaka 41 baadaye njia hiyo iliifikia selimundu. Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata mwezi Desemba. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, umeme huzifungulia mlango, na kifaa cha kuhariri DNA huingia kuamsha himoglobini ya utotoni, ile ambayo humlinda mtoto katika miezi yake ya mwanzo. Kisha seli hurudishwa mwilini.

Bei yake huko Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, tena mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuondoa uboho wake wa zamani. Kwa bei hiyo, mfanyakazi wa kawaida haoni tiba bali husikia habari zake. Lakini kipimo na matunzo mengine hayahitaji fedha za namna hiyo.

WAZAZI WAFANYE NINI

Vijana wanaokusudia kuoana wapime wote wawili, na kila mmoja amwambie mwenzake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wakiwa wote AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kupata AS, na moja ya kupata AA. Maneno "kila mimba" yazingatiwe. Kumpata mtoto mgonjwa kwanza hakuwakingi watatu wanaofuata, kwa maana bahati nasibu huchezwa upya kila mara. Kuoana au kutooana ni uamuzi wao, lakini wauamue wakijua.

Mtoto wa wazazi wa namna hiyo apimwe mapema, kabla mikono haijavimba. Akiwa mgonjwa, asikose kliniki. Penisilini humkinga na maambukizo, chandarua na dawa humkinga na malaria, maji mengi hupunguza hatari ya maumivu, na dawa ya haidroksiurea, ikitolewa kwa uangalizi wa daktari, hupunguza mara za kuugua. Homa ikimshika, asingojwe mpaka asubuhi.

Na katika nyumba ambamo lawama zimekwisha kuingia, wazazi wote wawili waende kupimwa siku moja. Warudi wakae pamoja, waitazame ile karatasi ya majibu. Kwa kila mmoja wao wataona mistari miwili, wa baba kama wa mama.